Fungua Mzigo Tuone

Barabara kuu ya A1 ikitoka Kisumu hupita Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo na mji wa Migori kabla ya kuishia Isebania. Mbele yake ni Sirari, wilayani Tarime, mkoani Mara. Lugha haibadiliki hapo. Mkuria wa Isebania na Mkuria wa Sirari wanaoana, wanazikana, wanadaiana ng'ombe wa mahari. Kinachobadilika ni sare ya anayekuuliza, "Umebeba nini?"

Swali hilo fupi ndilo linalogawa watu. Wapo wanaoamini kwamba afisa wa forodha anamlinda mlaji na mkulima. Wapo wanaomwona kama ukuta kati ya mchuuzi na riziki yake. Makala haya yamewaketisha meza moja watu watano: mchuuzi wa nafaka wa mjini Migori, afisa wa forodha aliyestaafu, mwalimu wa historia kutoka Kuria, muuza samaki wa Homa Bay na kijana wa bodaboda. Hawana majina kwa kuwa mwandishi amewabuni ili wazitoe hoja za pande zote. Sheria, tarehe na matukio wanayoyataja ni ya kweli.

Mchuuzi ndiye anayefungua mjadala.

"Mimi si mlanguzi," anasema. "Naenda Tarime, nanunua mahindi kwa pesa yangu, napakia magunia matatu, narudi. Lakini nikikaribia lile lango, mwili wote unaingia wasiwasi, utadhani kuna kitu nimeiba. Kwa nini, mzee?"

Mstaafu halikimbilii jibu. "Nikuulize kwanza, mama. Mara ya mwisho ulilipa ushuru wa forodha?"

"Nililipa."

"Ushuru, au pesa tu?"

"Nililipa, mzee. Sikuuliza jina lake."

"Na risiti?"

"Risiti ningeingoja hadi jioni. Lori lilikuwa linaondoka."

Mahindi yaliyolimwa Tarime na kuingia Migori hayatozwi ushuru wa forodha. Mkataba wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Machi 2004 na ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa yenye asili ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru huo, ilimradi asili yake ithibitishwe. Kwa mchuuzi mdogo kuna utaratibu mwepesi zaidi: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, yaani zaidi kidogo ya shilingi 250,000 za Kenya, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Cheti hicho hakiuzwi. Magunia matatu ya mahindi hayafiki hata robo ya kiwango hicho.

Mchuuzi anapoelezwa hayo anauliza swali ambalo mstaafu halifurahii. "Kama ni bure, mbona sikuambiwa?"

"Hukuuliza."

"Mzee, mtu hawezi kuuliza kitu asichojua kama kipo."

Hapo makala haya yako upande wa mchuuzi. Serikali ikitaka kodi, hutafuta njia elfu za kumfikia mwananchi. Haki ya mwananchi nayo inastahili kutafutiwa njia, walau ya kumfikia mita chache kabla ya lango.

Lakini mstaafu ana hoja nzito, na ni haki isikilizwe hadi mwisho. Ushuru si kazi yote ya forodha. Gunia la mahindi linaweza kuwa huru kwa upande wa ushuru na bado likawa hatari kwa mlaji. Anakumbusha mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya aflatoksini inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. "Wale walikula ugali wa mahindi yao wenyewe," anasema. "Hayakutoka nje. Sasa niambie, mama, mahindi yakipita bila kupimwa na mtoto wa Awendo akafa, utamlaumu nani? Utasema afisa alikuwa amelala."

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia barua kamishna wa forodha: mahindi kutoka Uganda na Tanzania yasiingie tena kwa sababu vipimo vilionyesha sumukuvu nyingi. Malori yalikwama mipakani, Isebania ikiwemo. Siku chache baadaye, tarehe 10, zuio lililegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, kila mzigo uwe na cheti cha asili na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, na yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakawaagiza mawaziri wao waondoe vikwazo vya biashara.

"Mimi sipingi kipimo," anasema mchuuzi. "Hata mimi watoto wangu wanakula ugali huohuo. Napinga kupimwa kwa macho."

Neno "macho" linamgusa mstaafu, na hapo anaacha kutetea, anaeleza. Ukungu hausambai sawasawa ndani ya gunia. Punje za juu zinaweza kuwa safi na za katikati zikawa zimeoza. Ndiyo maana mpimaji hutumia bambo: chuma chembamba chenye ncha na mfereji, kinachochomwa ubavuni mwa gunia na kutoka na punje za ndani. Hachomi mahali pamoja. Anachoma juu, kati na chini, anahamia gunia jingine, anachanganya zote, zinasagwa kwa pamoja, na unga huo ndio unaopimwa. Anayeangalia punje kiganjani na kutikisa kichwa hajapima kitu.

"Basi mtu akinirudisha bila kuchoma bambo?"

"Amekuonea."

"Nikamwambie nani?"

Mstaafu anataja msimamizi wa zamu. Mchuuzi anacheka bila furaha. Msimamizi yuko ndani, na mlangoni yupo yuleyule aliyemrudisha.

Mwalimu wa Kuria anaona mjadala umekaa mno kwenye gunia. Anataka watu wakumbuke lango lenyewe limetoka wapi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga. Mstari wao ulianzia mlango wa mto Umba pwani, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia mashariki mwa ziwa pale latitudo ya digrii moja kusini inapokata maji. Uliwapita Wakuria katikati. "Babu zetu hawakuulizwa," anasema. "Leo mjukuu anaambiwa kwamba kupeleka ng'ombe kwa mjomba ni usafirishaji nje ya nchi."

Anaongeza jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya tangu Februari mwaka huo. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba Isebania ilikuwa mwisho wa njia, rasmi. Kwa njia zisizo rasmi, ndoa ziliendelea, maziko yaliendelea, na bidhaa zilipita gizani. Mwalimu anaamini kwamba njia za panya za leo zilikanyagwa na kukomaa katika miaka hiyo. Hoja hiyo ina mantiki: mpaka ukifungwa kwa miaka mingi hivyo, watoto hujifunza kupita pembeni kabla hawajajifunza kupita langoni.

Mstaafu anamkatiza. "Mwalimu, historia hiyo naiheshimu. Lakini hiyohiyo ndiyo imezaa kituo cha pamoja."

Anasema kweli. Chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016, maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Anayetoka Kenya husimama mara moja tu, upande wa Sirari, akakuta maafisa wa Kenya na wa Tanzania pamoja. Anayetoka Tanzania husimama Isebania. Zamani alipanga foleni upande huu, akatembea, akapanga tena upande wa pili, na mzigo ukafunguliwa mara mbili. Barani Afrika mfano wa kwanza wa kituo cha aina hiyo ulifunguliwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, Desemba 2009. Kwa dereva wa lori nafuu yake ni kubwa, naye hukiri bila kubembelezwa.

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa kimya, anaona hapo ndipo pa kuingilia. "Mzee, kituo kile ni cha malori. Mtu wa magunia matatu akiona lile jengo na vioo vyake, anajua si lake. Ananipigia simu mimi."

Halipambi jambo lenyewe. Anapita kati ya mashamba, anajua kila mti, na mzigo ukifika upande wa pili unapakiwa upya. Tarehe 16 Mei 2020, Kenya ilipofunga mpaka na Tanzania kwa watu kwa sababu ya korona na kuruhusu mizigo pekee, njia hizo ndizo zilizobaki kwa aliyekuwa na mgonjwa au maiti upande wa pili. Anasema gharama ya bodaboda hujulikana mapema, wakati ya langoni hujulikana ukishafika. Kwa mchuuzi anayepiga hesabu ya faida ya gorogoro moja moja, hilo ni jambo la kufa na kupona.

"Na sukari?" anauliza mstaafu, akimkazia macho. "Hubebi sukari?"

Kijana anatazama chini. "Nabeba."

Kwenye sukari ndipo wengi wanaotetea njia za panya huishiwa na maneno. Awendo, katikati ya kaunti ya Migori, inaishi kwa miwa. Kiwanda cha Sony kimekuwa uti wa mgongo wa mji huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Sukari inayotoka nje ya Jumuiya kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 100, na ushuru huo upo ili mkulima asimezwe na sukari ya bei ya kutupa kutoka mbali. Ikiingia kwa mlango wa nyuma, mkulima anayengoja malipo ya miwa yake ndiye anayelipa tofauti. Juni 2018 Kenya nzima ilitikiswa na misako ya sukari ya magendo, hata waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, akasema baadhi yake ilikutwa na zebaki na shaba. Anayesema forodha haina maana na aende Awendo akaseme hivyo mbele ya mkulima wa miwa.

Mchuuzi anakubali, kwa nusu. "Sukari mkamate. Lakini mnatuweka chungu kimoja. Yule wa sukari amepita usiku na pikipiki kumi. Mimi nimekuja mchana, langoni, na ndiye mimi ninayefunguliwa gunia."

Hoja hii ina uzito kuliko inavyosikika. Anayekuja langoni ni yule aliyeamua kutii. Akitendewa kama mshukiwa, keshokutwa atampigia simu kijana wa bodaboda, na afisa atabaki akikagua magunia ya wale waliokosa namba ya simu. Mstaafu anaikubali, ingawa anasisitiza kwamba hata magendo hupita langoni, chini ya vitunguu, na kwamba bila kufungua mzigo hakuna namna ya kujua.

Mama wa Homa Bay amengoja zamu yake kwa subira. Biashara yake ni samaki, na mpaka wake hauna lango.

"Ninyi mnazungumza juu ya mstari mnaouona," anasema. "Kwetu mstari uko majini."

Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria; kilichobaki ni cha Tanzania na Uganda. Mvuvi wa Mbita, wa Remba au wa Muhuru Bay anayefuata mbuta hufuata samaki, na samaki hafuati ramani. Kisiwa cha Migingo, mwamba usiofika ekari moja magharibi ya Muhuru, nusura kiwakosanishe kabisa Kenya na Uganda mwaka 2009, na hadi leo wavuvi wa Nyanza wanalalamika kutozwa na kunyang'anywa samaki na askari wa ng'ambo. Mwenye mashua akisimamishwa katikati ya maji hana foleni, hana dirisha, hana kamera wala mlolongo wa mashahidi. Ana nyavu zake na sauti yake.

Anakumbuka masimulizi ya wazee wa Homa Bay na Kendu Bay kuhusu meli za shirika la reli la Afrika Mashariki zilizotia nanga kwenye magati hayo zikizunguka ziwa hadi Musoma na Mwanza. Abiria alipanda na matenga yake. Baada ya 1977 meli ziligawanywa kama mali za mirathi yenye ugomvi, na magati yakabaki kuangalia maji.

Kisha anageuza mjadala kwa namna ambayo wengine hawakuitarajia. Ana mtoto Ujerumani, na aliwahi kwenda kumwona. Begi lake lilikuwa na omena waliokaushwa, aliya, ile nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani ambayo mtoto wa Kijaluo aliye mbali huiota, na furushi la mboga za osuga na dek. Kwenye uwanja wa ndege alioshukia kuna njia mbili: ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa mwenye nacho. Akapita ya kijani na wenzake. Akaitwa.

"Afisa alifungua begi, akagusa omena, akawaweka kando. Akagusa aliya, akaitupa kwenye pipa. Osuga na dek vikafuata. Nikadhani omena nao wanangoja pipa lao. Akanirudishia."

Kanuni za Umoja wa Ulaya ndizo zilizoamua hivyo. Nyama na maziwa kutoka nchi nyingi za nje, Kenya ikiwemo, haviruhusiwi hata kidogo kwenye begi la abiria, kwa hofu ya magonjwa ya mifugo kama ya midomo na miguu. Samaki ana sheria yake: abiria anaweza kuingia naye hadi kilo 20 kwa matumizi yake, akiwa amekaushwa au ametolewa matumbo. Mboga na matunda mabichi tangu Desemba 2019 yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Ndiyo maana omena wa Homa Bay walifika mezani na aliya haikufika.

"Uliambiwa kwa nini?" anauliza mchuuzi.

"Kulikuwa na bango. Picha ya nyama imepigwa mstari mwekundu, na ya jibini. Baada ya kunitupia vitu alinionyesha bango lile, akanipa karatasi. Nililia kwa ajili ya ile aliya, dada, sikufichi. Lakini nilijua kimenipata nini."

Mwalimu hataki Ulaya isifiwe kupita kiasi, na yuko sahihi. Anamuuliza mama ni nani wengine waliofunguliwa mabegi siku ile. Mama anajibu polepole kwamba walioitwa pembeni walifanana naye kwa rangi, na waliopita na mabegi makubwa kuliko lake hawakutazamwa mara mbili. Bango lilikuwa la wote, ila jicho la afisa lilikuwa limeshachagua.

Kwa hiyo Ulaya si peponi. Mipaka yao ya ndani ilikuwa na foleni za forodha hadi tarehe 1 Januari 1993, soko lao la pamoja lilipoanza, na anayetoka humo hukutana na foleni upya. Januari 2021, Uingereza ilipokuwa imejiondoa kabisa katika soko hilo, televisheni ya Uholanzi ilionyesha maafisa wa bandari ya Hoek van Holland wakiwanyang'anya madereva waliotoka Uingereza mikate yao yenye nyama. Kanuni ileile iliyotupa aliya ya mama wa Homa Bay ilitupa chakula cha mchana cha dereva aliyetoka Uingereza.

Mstaafu ana mfano anaoupenda zaidi. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, Sweden imo, na kati yao kuna mpaka wa zaidi ya kilomita 1,600. Tangu makubaliano ya mwaka 1959, afisa wa forodha wa nchi moja anaweza kuifanyia kazi nchi zote mbili. Msweden anampigia Mnorway muhuri wake, na kinyume chake. "Sisi tumefika kwenye paa moja," anasema. "Bado hatujafika kwenye kuaminiana. Afisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa dawati kwa dawati, na kila mmoja anafungua gunia lake."

Kuaminiana huko kumejeruhiwa mara nyingi. Oktoba 2017 maafisa wa Tanzania waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga, wakitaja hatari ya magonjwa ya kuku. Mwishoni mwa Julai 2025 Tanzania ilitangaza aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, ununuzi wa mazao shambani ukiwemo. Kwa mchuuzi wetu amri hiyo ilimaanisha kwamba hawezi tena kufika kwa mkulima wa Tarime na kupima debe mwenyewe. Lazima anunue sokoni kwa mtu wa kati. Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, liliahidi kinyume chake.

"Hilo si la forodha," mstaafu anajitetea.

"Kwangu lote ni lango," mchuuzi anajibu.

Sehemu iliyobaki ya mjadala ndiyo iliyochelewesha watu kuondoka, nayo inahusu mali inayokamatwa. Mwalimu amekuja na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika pande zote za lango. Anaonyesha mambo mema yaliyomo. Mwanamke hapekuliwi mwilini ila na mwanamke mwenzake. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kumwomba kamishna aupitie upya, na kamishna ana siku 30 za kujibu. Kisha anafika kifungu cha 214. Afisa akikamata mali, sharti ampe mwenyewe taarifa ya maandishi ndani ya mwezi mmoja, yenye sababu za kukamata. Isipokuwa mali hiyo imekamatwa mbele ya mwenyewe.

Mchuuzi anaomba arudiwe.

"Kama ulikuwepo wakati wa kukamatwa," mwalimu anasema, "sheria haimlazimishi kukuandikia."

"Yaani mwenye kontena aliye Nairobi anaandikiwa barua, na mimi niliyesimama pale nashika kichwa siandikiwi?"

"Ndivyo kilivyo."

Mstaafu anaeleza mantiki ya zamani: aliyekuwepo ameona na amesikia, kwa hiyo anajua. Lakini sheria hiyohiyo inampa mwenye mali mwezi mmoja tu wa kuidai kwa maandishi, la sivyo inakuwa ya serikali. Mtu anatakiwa kuandika dai juu ya kosa ambalo hakupewa maandishi yake, mara nyingi katika lugha asiyoisoma. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo tundu kubwa kuliko yote katika mkutano wa mchuuzi na afisa, kubwa kuliko hata hongo, kwa sababu hongo hukua humo. Afisa asiyelazimika kuandika sababu anaweza kuwa na sababu yoyote. Anaweza kuibadilisha. Anaweza kuiuza.

Mstaafu haipingi hoja, anapinga utekelezaji. Siku ya soko watu ni wengi, na kila mmoja ana kilo mbili za hiki na lita tatu za kile. Afisa akimwandikia kila mtu, foleni itafika mjini. Anapendekeza karatasi itolewe kwa mali yenye thamani fulani kwenda juu.

"Thamani gani?" mchuuzi anauliza.

"Tuseme shilingi elfu kumi."

"Mzee, kuna mama pale stendi mtaji wake wote haufiki elfu tano. Ukimchukulia hiyo bila karatasi umemchukulia duka."

Mama wa Homa Bay anaunga mkono: karatasi aliyopewa Ulaya ilikuwa ya nyama ya kilo moja. Kijana wa bodaboda anataka kujua kama karatasi hiyo ingetolewa pia kwa pikipiki inayokamatwa kichakani, na mstaafu anamjibu bila kusita kwamba ya kichakani ndiyo inayohitaji karatasi kuliko zote, maana huko hakuna shahidi. Ni mara ya kwanza wawili hao wanakubaliana.

Kikwazo kinachobaki ni nani wa kuambiwa. Sheria hii haibadilishwi na Bunge la Nairobi peke yake wala la Dodoma. Ni ya Jumuiya, hurekebishwa na Bunge la Afrika Mashariki linalokaa Arusha, ambako kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Mstaafu anasema kwamba kabla ya kufika Arusha wakuu wa forodha wa nchi mbili wanaweza kuwaagiza maafisa wao waandike hata pale sheria isipolazimisha, na kubandika ukutani kiwango cha dola 2,000 na orodha ya bidhaa kwa Kiswahili, Kikuria na Dholuo. Hilo halihitaji bunge.

Mwalimu anatoa kalamu na kuanza kuandika ombi, akisoma kwa sauti: mali yoyote ikikamatwa, mwenyewe apewe papo hapo maandishi ya kilichokamatwa, kosa lake na mahali pa kudai. Mchuuzi anamsimamisha kabla hajafika mwisho wa sentensi.

"Ongeza hapo, mwalimu: hata kama mwenyewe alikuwepo. Iandike mara mbili kama italazimu."